Yadi 257 za Mahomes, yadi 221 za Hurts

Nianze na takwimu za makwotabeki wawili wa mpira wa Marekani, yaani wachezaji wanaoongoza ushambuliaji na kurusha pasi, waliokutana usiku mmoja. Wa kwanza: pasi 21 zilizofika kati ya 32, yadi 257, tachidauni 3 (tachidauni ni kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani). Wa pili: pasi 17 kati ya 22, yadi 221, tachidauni 2. Kama hukutazama mechi, ungesema nani alishinda?

Wa kwanza ni Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs. Wa pili ni Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles. Mechi ni Super Bowl ya 59, fainali ya ligi ya NFL, iliyochezwa New Orleans tarehe 9 Februari 2025, na Eagles walishinda 40–22. Hata hizo 22 zinawasitiri Chiefs. Hadi mapumziko ubao ulisoma 24–0, na ushambuliaji mzima wa Chiefs ulikuwa umesogea yadi 23 tu. Yadi ishirini na tatu kwa nusu nzima ya mchezo! Huku kwetu Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku, kwa hiyo kufika saa kumi wengine tulishaanza kuhesabu saa za kulala zilizobaki kabla ya kazi.

Kisha, mambo yakiwa yamekwisha, Chiefs wakaanza kuokota yadi. Ubao ulisoma 40–14, zimebaki chini ya dakika mbili, Mahomes akampata Xavier Worthy kwa pasi ya yadi 50 hadi tachidauni. Pasi hiyo moja ni karibu sehemu ya tano ya yadi zake zote za usiku ule, na haikubadilisha kitu isipokuwa jedwali. Asubuhi, jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, aliyelala fofofo usiku kucha, akatuma picha ya takwimu na maneno haya: "Mahomes kacheza vizuri, ulinzi ndio umemwangusha." Pasi mbili za Mahomes zilizonaswa hakuziona, ingawa moja Cooper DeJean aliirudisha yeye mwenyewe hadi tachidauni. Hazikuwemo kwenye picha yake, kama ambavyo mimi sikuziweka pale juu.

Ugomvi wangu na jedwali la yadi ndio huo. Si kwamba linadanganya, maana kila yadi iliyoandikwa ilipatikana kweli. Tatizo ni kwamba linazipa yadi zote bei moja, iwe ya dakika ya kwanza au ya dakika ya mwisho, iliyookoa zamu ya kushambulia au iliyopotea bure.

Kwa msomaji aliye mgeni wa mchezo huu: timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10, na ikifanikiwa hupewa mengine manne. Jaribio la nne kwa kawaida huishia kwa teke, ama la kutafuta pointi 3, ama la kuupeleka mpira mbali ili mpinzani aanzie nyuma. Sasa fikiria jaribio la tatu, zimebaki yadi 10, timu inapata 9. Jedwali litaandika yadi 9, nzuri sana. Uwanjani ni hasara, kwa sababu mpira unakwenda kwa mpinzani. Zamu nyingine, jaribio la tatu tena, imebaki yadi 1, mkimbiaji anapenya yadi 2. Jedwali litaandika 2, na uwanjani timu imepata uhai mpya. Sisi tuliolelewa na soka tunalijua jambo hili. Mara ngapi tumeona timu ikimiliki mpira asilimia 65, pasi mia sita, halafu inafungwa mbili bila kwa mashambulizi mawili ya kushtukiza?

Dawa yake si mpya kama vijana wa kompyuta wanavyotaka tuamini. Mwaka 1971 Virgil Carter, kwotabeki aliyekuwa akicheza ligi yenyewe, alichapisha pamoja na Robert Machol wa Chuo Kikuu cha Northwestern utafiti uliotokana na mechi 56 za nusu ya kwanza ya msimu wa 1969. Carter alikuwa akisomea shahada ya biashara huku akicheza. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: timu ikiwa na jaribio la kwanza mahali fulani uwanjani, nani anafunga baada ya hapo, na pointi ngapi? Wakapiga wastani wa kila eneo.

Majibu yao bado yananifurahisha. Ukiwa yadi 5 kutoka mstari wa mpinzani, nafasi hiyo ilikuwa na thamani ya pointi 6 na chembe. Ukiwa yadi 25 kutoka kwake, kama 3.7. Ukiwa kwenye yadi yako mwenyewe ya 25, kama robo ya pointi tu. Na ukibanwa yadi 5 kutoka mstari wako, thamani ilishuka chini ya sifuri kwa zaidi ya pointi moja. Yaani mpira unao wewe, lakini anayetarajiwa kufunga kwanza ni mwenzako.

Chukua kalamu. Upo kwenye yadi yako ya 25 na unapoteza mpira hapo hapo. Ulikuwa na robo pointi, sasa mpinzani ana 3.7. Hasara ni karibu 4. Sasa geuza: upo yadi 25 za mpinzani, unanusa tachidauni, pasi inanaswa. Ulikuwa na 3.7, yeye anaanza na robo. Hasara ni karibu 4 vilevile. Macho yanaona kupoteza mpira karibu na mstari wako ndio msiba mkubwa, kwa sababu adhabu inakuja papo hapo. Hesabu inasema misiba hiyo ni pacha. Thamani zenyewe zimebadilika tangu 1969, kwa kuwa timu za leo hutupa pasi nyingi zaidi na kwa ustadi zaidi, ila namna ya kufikiri ni ileile. Unaangalia thamani ya nafasi kabla ya jaribio na thamani yake baada ya jaribio, kisha unatoa. Kilichobaki ndicho ambacho Wamarekani hukiita EPA, yaani pointi tarajiwa zilizoongezwa. Anayefuatilia mabao tarajiwa kwenye soka atakuwa ameshamtambua ndugu yake.

Nikirudi kidogo kwa Carter, mwaka 1970 alihamia Cincinnati Bengals. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kurusha mpira mbali, basi kocha msaidizi mmoja pale, Bill Walsh, akamtengenezea ushambuliaji wa pasi fupifupi za haraka. Walsh baadaye aliupeleka mfumo huo San Francisco akabeba nao Super Bowl tatu. Mkumbuke huyu Carter na hawa Bengals, tutakutana nao tena.

Kwanza twende Buffalo, 19 Januari 2025, hatua ya mtoano. Baltimore Ravens walisogea yadi 416, wenyeji Buffalo Bills yadi 273. Bills wakashinda 27–25. Mtu wa jedwali la yadi atakuna kichwa. Mtu wa Carter anaangalia safu moja tu, mipira iliyopotea: Ravens 3, Bills 0. Tatu mara nne ni kumi na mbili, na mechi iliamuliwa kwa pointi mbili.

Nchi nzima ilimlaani Mark Andrews wa Ravens, aliyeangusha pasi ya pointi 2 za nyongeza baada ya tachidauni, zikiwa zimebaki sekunde tisini na kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pasi ile ingeingia, ingesawazisha tu, 27 kwa 27, na mpira ungekwenda kwa Bills wakiwa na muda wa kutafuta ushindi. Kosa lake lililouma zaidi kwa hesabu ni lile la mapema kwenye robo hiyohiyo ya nne, alipopokea pasi, akapokonywa mpira, na Bills wakaugeuza kuwa pointi 3. Hilo halijageuzwa vichekesho mitandaoni kama lile la pili.

Ila hapa lazima niweke breki, maana najua wapo watakaoibeba hesabu hii kama fimbo. Mpira wa Marekani una umbo la yai. Ukidondoka, hakuna ajuaye utadundia wapi, na nani ataudaka ni bahati kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mipira iliyopotea inaeleza vizuri sana kwa nini timu ilifungwa jana, lakini haielezi vizuri kama itafungwa kesho. Ukitaka kumjua mshambuliaji wa kesho, mwangalie anavyofanya jaribio kwa jaribio. Kipimo kimoja cha zamani huhesabu jaribio la kwanza kuwa limefaulu likipata asilimia 40 ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 60 ya zilizobaki, la tatu na la nne zote. Ni kipimo kigumu kisicho na urembo, lakini pasi moja ya yadi 50 dakika za majeruhi haiwezi kukivuruga.

Sasa Eagles na Bengals. Msimu wa 2024 ndio ulionifanya niandike makala hii, kwa sababu timu hizi mbili zilisimama kwenye ncha mbili za jedwali la yadi za pasi. Joe Burrow wa Bengals aliongoza ligi nzima kwa yadi 4,918 na tachidauni 43. Mpokeaji wake, Ja'Marr Chase, aliongoza kila kitu kinachoongozeka: pasi 127 alizodaka, yadi 1,708, tachidauni 17. Eagles walikuwa wa 29 kwa yadi za pasi kati ya timu 32. Msimu mzima redio za Philadelphia hazikuwa na wimbo mwingine, Hurts hawezi kutupa. Hata A.J. Brown, mpokeaji wa timu yenyewe, alipoulizwa baada ya mechi moja waliyoshinda ni nini kinahitaji kurekebishwa, alijibu kwa neno moja tu: pasi.

Angalia pointi walizofunga msimu wa kawaida. Bengals 472, Eagles 463. Wa kwanza na wa ishirini na tisa wametofautiana pointi 9 kwa mechi 17!

Siri iko kwenye idadi. Burrow alitupa pasi 652. Hurts, aliyekosa mechi mbili na ushee, alitupa 361. Gawanya mwenyewe. Burrow alipata yadi 7.5 kwa kila pasi, Hurts 8.0. Haki iwe haki, ukiongeza mara walizoangushwa kabla ya kutupa, 48 kwa Burrow na 38 kwa Hurts, pengo hilo linafutika, kwa sababu Hurts aliangushwa mara nyingi ukilinganisha na uchache wa pasi zake. Ana tabia ya kukaa na mpira kama mtu anayesubiri chenji. Lakini hata hapo jibu ni kwamba wanalingana. Si wa kwanza na wa ishirini na tisa.

Kwa nini mmoja alitupa karibu mara mbili ya mwenzake? Kwa sababu ulinzi wa Bengals ulikuwa ungo. Msimu ule walifunga 38 wakapigwa na Ravens kwa 41, wakafunga 34 wakapigwa na haohao kwa 35, wakafunga 38 mbele ya Pittsburgh wakaruhusu 44, wakafunga 33 mbele ya Washington wakaruhusu 38. Timu inayokimbizana na ubao hutupa, haina namna nyingine. Timu inayoongoza hukimbia na mpira, inakula saa, inakwenda nyumbani. Eagles waliongoza mara nyingi, kwa hiyo wakakimbia. Yadi nyingi za pasi zinaweza kuwa dalili ya ugonjwa kama vile zinavyoweza kuwa dalili ya afya, na jedwali halikuambii ni ipi kati ya hizo. Bengals walimaliza na ushindi 9 na vipigo 8, hawakuingia hata mtoano. Burrow hakuwa na kosa, na yeyote aliyemshusha hadhi kwa rekodi ya timu alifanya uvivu uleule wa wale waliomshusha Hurts kwa yadi.

Tena timu hizi zilikutana. Oktoba 27, 2024, Cincinnati. Hurts alitupa pasi 20, zikafika 16, yadi 236. Burrow alitupa 37, zikafika 26, yadi 234. Yadi zilezile! Ubao ulisoma Eagles 37, Bengals 17. Hurts alikimbia mwenyewe na mpira hadi tachidauni mara tatu, na kwenye safu ya yadi za pasi hizo tatu hazipo. Hazipo hata kwenye ile alama maarufu ya makwotabeki inayotumika tangu 1973, ile yenye kikomo cha ajabu cha 158.3. Alama hiyo haihesabu mbio, wala haihesabu kuangushwa. Kwa mtu aliyefunga tachidauni 14 kwa miguu msimu ule, ni sawa na kumpima mpishi kwa usafi wa vyombo.

Habari njema ni kwamba siku hizi huhitaji kuwa profesa wa Northwestern. Tangu 2020 kuna programu ya bure, nflfastR, iliyotengenezwa na Ben Baldwin na Sebastian Carl, yenye kila jaribio la kila mechi tangu 1999, pamoja na pointi tarajiwa zake. Kijana mwenye kompyuta na bando Mwanza anaweza kuhesabu alichohesabu kocha wa Philadelphia. Mimi nikiifungua, kwanza huondoa dakika ambazo mechi imeshaamuliwa. Kisha nabaki na jaribio la kwanza na la pili, kwa sababu hapo timu bado ina uhuru wa kuchagua, kukimbia au kutupa. Jaribio la tatu huja baadaye, kama kukagua tu. Pasi ya Worthy ya yadi 50 haivuki hata mlango wa kwanza.

Baada ya sifa zote hizo, niseme kinachonikera kwa waumini wa hesabu mpya. Wanaichukua namba ya timu wanamvika mtu mmoja. Tazama Saquon Barkley. Mwaka 2023 akiwa New York Giants alikimbia yadi 962, wastani wa 3.9 kwa kila mbio. Mwaka 2024 akiwa Philadelphia alikimbia yadi 2,005, wastani wa 5.8. Miguu ni ileile, mtu ni yuleyule, na alikuwa ameongeza mwaka mmoja wa umri kwenye kazi isiyowapenda wazee. Kilichobadilika ni watu watano waliosimama mbele yake, mmoja wao Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye mwili wa kontena, aliyetoka kwenye raga na kuchaguliwa raundi ya saba, timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2018, bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Marekani. (Wakenya watamkumbuka Daniel Adongo, naye wa raga, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Mlango huo ulikuwepo, ila yeye hakudumu.) Mailata hana yadi. Hana tachidauni. Pointi tarajiwa zinamwona kama hewa, zinaandika jina la Barkley na kuendelea. Kwa hilo hakuna programu ya bure, inabidi urudishe mkanda nyuma na kuangalia nani kamsukuma nani.

Mkanda wa Super Bowl ileile unaonyesha vizuri. Barkley alibeba mpira mara 25, akapata yadi 57. Wastani wa 2.3, aibu tupu kwenye jedwali, na mtu wa hesabu mpya naye atakuambia mbio zake ziliipotezea timu pointi. Namba iko sawa. Lakini Chiefs walikuwa wamekusanya watu kumkaba yeye, na kila mtu aliyemkaba Barkley hakuwa akimkaba Hurts, aliyekimbia yadi 72, wala DeVonta Smith, aliyepokea ile pasi ya yadi 46 iliyofanya ubao usome 34–0.

Tachidauni ya kwanza ya usiku ule ilitoka kwenye mchezo ule wanaouchukia mashabiki wa timu nyingine. Hurts anachukua mpira, anajikunja nyuma ya safu yake, na wenzake wawili wanamsukuma kwa nyuma kama gari lililogoma kuwaka. Hauna uzuri wowote. Mei 2025 wamiliki wa timu walipiga kura kuupiga marufuku, kwa pendekezo la Green Bay Packers. Zilihitajika kura 24 kati ya 32, zikapatikana 22. Kwenye jedwali la Super Bowl ya 59, tukio hilo limeandikwa hivi: Hurts, mbio, yadi 1.